Land Cruiser pikapu stering ngumu hata baada ya kubadilisha pampu, msaada wakuu

MkulimaMauNarok
Wakuu habari za huko. Nko na Land Cruiser pikapu HZJ79, ile ya injini ya 1HZ, gari ya kutoa viazi shambani hadi lami na siku zingine hadi soko Nakuru. Tangu mvua ianze stering imekuwa ikikaza pole pole mpaka sasa kugeuza pale shambani ni mikono miwili na bega. Kwa lami ndo mbaya zaidi, unaisukuma kidogo kushoto inabaki huko huko, unairudisha inapitiliza, yaani kutoka Njoro hadi mjini ni kushona barabara tu na lori zinakupigia honi. Fundi mmoja aliniambia pampu imekufa, tukaweka ingine ya eks-Japan na oili mpya, bado ni ile ile. Sasa anasema ni boksi ya stering, ile ya gia chini ya usukani, na boksi si pesa ya mchezo. Kabla niuze viazi zote nilipie boksi, kuna mtu amepitia hii kitu?

KruzaKondele
Pole boss. Angalia belti ya pampu, ikilegea stering inakuwa nzito hivyo hivyo hasa ukiwa umesimama. Kaza belti kwanza, hiyo ni bure.

Babu_Section58
KruzaKondele hapo umemwelekeza kwa gari ingine. 1HZ pampu yake ya stering haina belti, inazungushwa na gia huko mbele ya injini. Belti anazoziona ni za feni na alternator, atazikaza mpaka beringi ya alternator ianze kulia na stering ibaki venye ilikuwa.

Mkulima, kabla mtu akwambie nunua hii ama ile, jibu haya. Injini ikiwa silensa (inanguruma tu bila kukanyaga mafuta) halafu uongeze mafuta kidogo, stering inakuwa nyepesi ama ni ile ile? Ni ngumu pande zote ama upande mmoja? Na ukishakata kona, ukiachilia usukani unarudi wenyewe ama unakaa pale umeuacha?

MkulimaMauNarok
Mzee asante. Kuongeza mafuta haibadilishi kitu. Ngumu ni pande zote lakini kama inakaza zaidi pale katikati, gari ikiwa imenyooka. Na kurudi hairudi kabisa, mpaka niirudishe mimi.

chali_ya_Kitale
Hiyo ngumu ya katikati ni boksi wadau. Kuna skrubu juu ya boksi na nati yake ya kufungia, mtu aliikaza kuondoa ulegevu. Legeza robo mzunguko uone maajabu. Mimi yangu ilitulia hivyo.

Dereva_wa_Ahero
Ama uko kwa 4H, magurudumu yote manne yanavuta, bila kujua. Huku kwetu Kano udongo mweusi ukilowa watu wanafunga habu (kile kifungio cha katikati ya gurudumu la mbele) asubuhi wanasahau, unampata mtu kwa lami ya Kisumu gari inagoma kukata kona na tairi zinalia. Toa hadi 2H, ya kuvuta nyuma tu, na habu zirudi FREE. Na tairi je? Uliitoa upepo ya matope na hukurudisha?

MkulimaMauNarok
Dereva habu ziko FREE, nimeangalia kwa macho. Tairi ni zile 7.50R16 za kawaida na upepo uko. Hiyo skrubu sijaigusa, lakini fundi naye sijui alishika nini na nini.

Babu_Section58
Msiguse skrubu bado. Chali ya Kitale hajadanganya, skrubu ikikazwa sana boksi inashika katikati na ukiendelea kuendesha hivyo unaila ndani. Lakini kuna kitu kingine kinashika katikati vile vile na hakiko kwa boksi, na ukianza kulegeza skrubu kabla ya kujua utakuwa na shida mbili badala ya moja.

Sikieni. Pampu ikichoka, ama oili ikipungua, ama hewa ikiingia, stering inakuwa nzito lakini gari ikitembea bado inarudi yenyewe, juu kinachoirudisha si pampu, ni ule mlalo wa kingpini (pini ya wima ambayo gurudumu la mbele hugeukia) na uzito wa gari. Nzito yenye hairudi, na unaishona barabara, hapo kuna kitu kinakwaruzana ama kimeshika mahali, chuma kwa chuma. Pampu mpya haitatibu hiyo hata ukiweka tatu. Ndo maana yule fundi alikula pesa yako bure, na nasema hivyo bila kumjua.

Sasa unagawanya gari vipande. Weka mawe tairi za nyuma, gia fri, inua akseli ya mbele tairi zote mbili zitoke chini, weka stendi, usiamini jeki peke yake. Zima injini, zungusha usukani mwisho hadi mwisho pole pole. Itakuwa na uzito kidogo juu unasukuma oili kwa mkono, hiyo ni sawa, unachotafuta ni pale inaposhika na kuachia. Halafu toa splitipini na nati ya ile rodi inayotoka kwa mkono wa boksi kwenda magurudumuni, uitenganishe na mkono wa boksi. Tumia pula, kama huna pula mtu mmoja ashike nyundo nzito upande huu na mwingine agonge upande ule, kwa jicho la mkono wa chuma, si kwa nyuzi za boljointi! Ikishaachana zungusha usukani tena. Sasa unazungusha boksi na shafti yake tu. Ikiwa bado inashika, shida iko juu, kwa boksi ama shafti, na haiko kwa magurudumu. Ikiwa laini, acha boksi ya watu.

KruzaKondele
Mzee nimekubali hiyo ya belti, yangu ni Hilux ndo nikachanganya.

Mama_Kuku_Kakamega
Samahani naingilia uzi wa mwenyewe. Yangu ni Prado 120, nzito asubuhi, ikipata joto inapungua. Nifanye pia hiyo ya kutenganisha rodi?

Babu_Section58
Mama, karibu. Prado 120 haina boksi ya aina hii, iko na reki (fimbo ya meno inayosukumwa kushoto na kulia), na mbele haina akseli moja nzima kama pikapu ya huyu kijana. Kwako anza na oili, iangalie rangi na uinuse, ikiwa nyeusi na inanuka kuungua imwagwe yote. Kisha lala chini uangalie zile buti za raba pande mbili za reki. Ikipasuka, maji na mchanga vinaingia na reki inaharibika pole pole kutoka ndani. Angalia pia boljointi za chini, ukisikia zinalia kwrr ukigeuza gari imesimama, hizo zimekauka, na za chini za Prado si za kuchezea, zikiachana gurudumu linalala.

Mama_Kuku_Kakamega
Asante baba. Buti ya kushoto imepasuka kweli, nimetuma kijana aangalie saa hii.

msee_wa_Jimny
Na sisi wa Jimny mpya je?

chali_ya_Kitale
Jimny ya 2018 kuendelea stering yake ni ya umeme, hakuna oili hapo. Angalia taa ya stering kwa dashibodi, fiusi, na betri. Betri ikiwa mgonjwa stering ya umeme inakuwa ya kwanza kugoma. Fungua uzi wako bana, tusimchanganye mkulima.

MkulimaMauNarok
Nimerudi na habari. Tumeinua gari na kijana wangu, injini imezimwa, kuzungusha ni sawa lakini gari ikifika kunyooka inashika, unaskia kabisa mkononi, halafu inaachia kama imeruka kitu. Tukatenganisha rodi. Ilikataa mpaka tukaitisha pula kwa jirani wa trekta. Baada ya hapo usukani unazunguka na kidole, mwisho hadi mwisho, katikati hakuna kitu. Sasa?

chali_ya_Kitale
Basi skrubu yangu imeachiliwa huru 😂

Dereva_wa_Ahero
Boksi imepona mahakamani. Mkulima umeokoa gunia ngapi hapo!

Babu_Section58
Vizuri sana. Na ile shafti inayotoka kwa usukani kuja kwa boksi pia imepita mtihani, juu ile misalaba yake miwili ikishika kutu pia huleta ngumu ya kushika na kuachia, mara mbili kwa kila mzunguko. Kama usukani unazunguka na kidole hiyo iko sawa, ipige dawa ya kutu kidogo uiache.

Sasa gawanya tena. Toa tai rodi, ile ndefu inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto, upande mmoja tu unatosha. Damper ya stering, ile kama shokabsoba ndogo, pia itoe upande mmoja, isukume na uivute kwa mkono, inatakiwa ipinge sawa sawa kwenda na kurudi. Halafu shika kila gurudumu peke yake uligeuze kwa mikono. Niambie.

MkulimaMauNarok
Damper inavuja lakini inasukumika. Gurudumu la kulia linageuka bila neno. La kushoto mzee, likiwa limenyooka limekwama, nilikalia chini nikasukuma na mguu ndo likatoka na mlio, baada ya hapo linaenda huku na huku sawa, ukilirudisha kunyooka linaingia tena kwa lile shimo lake.

Babu_Section58
Beringi za kingpini za kushoto. Ziko mbili, moja juu moja chini ya ile nako ya duara, kifundo kinachobeba gurudumu na kugeuka nalo. Gari inatembea maisha yake mengi ikiwa imenyooka, kwa hivyo zile roli zinagonga mahali pale pale kwa kikombe cha beringi (pete yake ya nje), na grisi ikiwa imeisha ama imechanganyika na maji zinachimba mitaro. Ndo hilo shimo lake. Unavuka maji?

MkulimaMauNarok
Kuna kijito huku chini ya shamba, mvua ikinyesha kinafika kwa habu. Navuka na mzigo kila siku ya soko.

Babu_Section58
Basi ndo hapo. Unafika kijitoni difu ya mbele (gia za katikati ya akseli) na nako ziko moto, maji baridi yanazipiga, hewa ya ndani inajikunja na inataka kuvuta kitu. Kama bomba la kupumua la akseli limeziba na matope haiwezi kuvuta hewa kwa bomba, inavuta maji kupitia sili. Tafuta hilo bomba juu ya akseli, zibua, na ukiweza weka mpira mrefu ulipandishe juu karibu na injini. Ni kazi ndogo na watu hawaifanyi.

Kazi yenyewe sasa. Ni chafu lakini si ngumu, ila usikimbizwe. Toa gurudumu, kaliper uifunge na waya isining'inie kwa paipu ya breki. Toa habu, ndani kuna nati mbili kubwa na washa ya kufungia kati yao, soketi yake ni ya 54 mm, tafadhali usitumie patasi na nyundo, hizo nati utazikuta na makovu ya kila fundi aliyepita. Habu na diski vinatoka pamoja, halafu spindo (shina ambalo habu huzungukia), halafu unavuta akseli na ile jointi kubwa pole pole usichane sili ya ndani. Mkono wa stering umefungwa na nati zenye washa za koni, hizo hazitoki kwa kuvuta, legeza nati, gonga kando na nyundo ya shaba mpaka koni ziruke. Shimu (vile vibati vyembamba vya kurekebisha mkazo wa beringi) ukizitoa, funga kila kifurushi na waya na uandike zilitoka wapi, juu ama chini. Ukichanganya shimu umejipatia kazi ya siku nzima.

KruzaKondele
Mzee hiyo ya shimu ndo ilinichanganya kwa ya bro yangu. Ukipunguza shimu inakaza ama inalegea?

Babu_Section58
Ukipunguza inakaza, ukiongeza inalegea. Na ikaze kidogo, inatakiwa iwe na ukaidi wake. Ikilegea kabisa gari itaanza kutetemeka mbele ukigonga shimo, mpaka unatamani kuruka nje.

Unapima hivi: beringi mpya na grisi yake ndani, lakini akseli haijarudi na sili ya nje haijafungwa, juu hizo zitakudanganya na uzito wao. Ndoana ya mzani inaingia kwa tundu la tai rodi, vuta kwa pembe ya mraba, usome kilo pale nako inaanza kusogea na kuendelea. Kitabu cha gari yako kinasema kati ya ngapi na ngapi, fuata hicho, usifuate mimi wala hisia za mkono.

Dereva_wa_Ahero
Mzani wa kuning'iniza wa kupimia samaki unafanya hiyo kazi safi kabisa, huku tunazo kila kibanda. Ila uupime kwanza na kitu unajua kilo zake, si mnajua mizani ya sokoni 🤣

MkulimaMauNarok
Wadau nimefungua. Wueh. Maji ya kahawia yalimwagika kwanza, halafu grisi imekuwa uji wa wimbi. Beringi ya chini roli zimeshika kutu, kikombe chake kina mistari, ukipitisha ukucha unaskia kila mmoja. Ya juu ina mistari pia lakini nyepesi. Ile sili ya nje ya kitambaa na raba imejaa udongo na imekatika pale chini. Swali, kulia kuko sawa, niache?

chali_ya_Kitale
Usiache, maji yalivuka pande zote mbili. Fungua zote, roho itulie.

KruzaKondele
Mimi ningeacha kwanza, pesa ya viazi si ya kuchezea, angefanya kushoto avune halafu arudi kulia.

Babu_Section58
Kila mtu na mfuko wake. Mimi ningetoa kifuniko cha juu cha kulia nichungulie grisi, ikiwa safi na nyeusi iache msimu huu, ikiwa na maji ifunguliwe. Lakini angalia pia lile tufe la chuma la mwisho wa akseli upande wa nyuma, likiwa na unyevu wa oili inayotiririka, ni sili ya ndani imeacha oili ya difu ipite, inayeyusha grisi, na hapo hakuna kuchungulia, ni kufungua.

Kununua: kit ya nako inakuja na sili na gaskiti, beringi unanunua kando. Chukua Koyo ama NTN kutoka kwa mtu utamrudia akikudanganya, zile za sanduku lisilo na jina zinafanana sana siku ya kwanza. Ukikosa Nakuru, Kirinyaga Road Nairobi zinapatikana na shuttle inakuletea jioni. Kikombe cha zamani kitoe na fimbo ya shaba ukigonga pande zote kwa zamu, na kipya kiingie sawa mpaka mlio wa nyundo ubadilike, hapo kimekaa chini. Usiweke beringi mpya kwa kikombe cha zamani!! Nimeona watu wakifanya hivyo kuokoa.

Grisi ya ile jointi iwe ya moly, sukuma mpaka itokee upande wa pili wa goroli zake, halafu jaza nako kama robo tatu. Usijaze kabisa, ikipata moto inatafuta pa kutokea na itatokea kwa sili yako mpya.

Dereva_wa_Ahero
Na lile tufe la chuma lipige waya brashi na msasa laini kabla ya sili mpya. Kutu ikibaki hapo inakata sili kila ukikata kona.

MkulimaMauNarok
Mrejesho. Kulia nilichungulia, kulikuwa na maji kidogo, nikafanya zote. Kushoto shimu zilirudi zile zile mzani ukasoma ndani ya kitabu. Kulia ilisoma chini nikatoa shimu moja nyembamba. Damper mpya pia. Bomba la kupumua lilikuwa limejengewa nyumba na nyigu wa udongo, nimelipandisha juu kwa faiawoli (ukuta kati ya injini na kabini).

Nimetoka shamba mpaka Nakuru na kurudi na mzigo. Stering inarudi yenyewe, naachilia mikono kidogo kwa ile nyoofu ya Egerton gari inaenda tu. Babu ukiwa mjini gunia la viazi ni lako. Kuna kitu kimoja, kwa kona kali nikiwa nimesimama pampu inalia kidogo.

Babu_Section58
Hewa hiyo, ya pampu yenu mpya. Inua mbele tena, injini imezimwa, mtu azungushe mwisho hadi mwisho pole pole mara kadhaa wewe ukiangalia chupa na kuongeza oili, ATF ya Dexron. Mapovu yakiisha washa, rudia injini ikiwa silensa. Usishikilie usukani pale mwisho, pampu inapika oili. Kama bado inalia angalia klipu za mpira wa kuleta oili, hapo ndo hewa huingia bila oili kutoka.

Na ile pampu ya zamani iko wapi?

MkulimaMauNarok
Fundi alibaki nayo, alisema ni chuma chakavu.

chali_ya_Kitale
Chuma chakavu 😂😂 mkuu hiyo iko kwa gari ya mtu saa hii na inafanya kazi.

Babu_Section58
Kamwitishe kesho asubuhi, ukiwa mpole lakini usiondoke. Ilikuwa ya gari na ilikuwa nzima. Ukishaipata ioshe na dizeli, ziba midomo yake na kitambaa, uiweke kwa stoo. Na ukishatembea wiki mbili hivi inua gurudumu moja moja, shika juu na chini utikise, beringi za habu hukaa vizuri baada ya kazi na nati huhitaji kukazwa kidogo. Kaza tena na zile nati za mkono wa stering, ile ya koni ikilegea hutajua mpaka iwe imekula stadi (boli inayoshika ile nati).